Mhuri Mkobani, Mtoto Mgongoni: Mwongozo kwa Mkuu wa Shule Anayenyonyesha

Kila uteuzi mpya ukitoka, simu yangu haitulii. Anayepiga ni mwalimu wa kike, kashika karatasi mbili: barua ya kuteuliwa kuwa mkuu wa shule na kadi ya kliniki. "Dada, nikubali au nikatae?" Nikimwambia akubali, maswali yanamiminika. Nitanyonyesha wapi? Nani atashika ofisi? Safari za semina je? Walimu wakiniona natoka saa nne watasemaje? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, sasa nayaandika.

Niliongoza sekondari ya kata mkoani Morogoro, shule ya kutwa yenye hosteli ndogo ya wasichana, na watoto wangu wawili wa mwisho niliwazaa nikiwa kwenye kiti hicho. Kwa yule wa kwanza kati ya hao wawili nilijiona hodari: kila kitu kilipita mkononi mwangu. Siku moja niko kliniki kwenye foleni ya chanjo ya wiki ya kumi, mzazi akafika na bodaboda, jasho linamtoka. Mwanawe alihitaji barua ya shule yenye mhuri siku hiyo hiyo. Shuleni walimwambia mhuri anao mkuu. Kweli ulikuwa mkobani, katikati ya nepi. Niliugonga nikiwa nimeegemea meza ya mzani wa watoto, na manesi wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini mhuri wa shule umelala kwangu.

Kazi zilikuwa nyingi, ndiyo, ila kilichonichosha ni kwamba hakuna iliyoweza kwenda bila mimi. Kwa mtoto aliyefuata nilibadilisha jambo moja tu: nilikaimisha, ofisini na nyumbani, kwa maandishi. Hatua zilizopo hapa chini ni za sekondari ya serikali Tanzania. Ukiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, panaposema bodi soma kamati ya shule. Ukiwa shule binafsi, sheria ya uzazi ni ile ile, ila barua zako zinakwenda kwa mwenye shule au meneja.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kadi ya kliniki yenye tarehe ya makadirio ya kujifungua, na cheti cha daktari.
- Kalenda moja kubwa ya ukutani. Moja tu. Ukiwa na ya shule na ya nyumbani, zitagombana na utakayeumia ni wewe.
- Kaunta buku moja nene. Mbele utaandika ya shule. Ligeuze, nyuma utaandika ya nyumbani.
- Makamu anayejua kazi. Sikusema anayekupenda.
- Msaidizi wa kukaa na mtoto, aliyeanza kazi angalau wiki tatu kabla hujarudi.
- Kisanduku cha baridi, kama kile cha wauza aiskrimu wa baiskeli lakini kidogo, pamoja na vipande vyake vya barafu.
- Vyombo vidogo vyenye mifuniko inayobana, na kikombe kidogo kisicho na ncha kali.
- Chumba shuleni chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani. Stoo ya vitabu inafaa, ukiifagia.
- Mshahara wa msaidizi wa mwezi mmoja, uwe pembeni usiguswe.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza, tangaza baadaye

Kaa na kalenda. Likizo ya uzazi ni siku 84, na ni siku 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, au mapema zaidi daktari akiona haja. Siku 84 ni wiki 12. Ukianza likizo siku ya kujifungua, mtoto atakuwa na wiki 12 utakaporudi. Ukianza wiki mbili kabla, atakuwa na wiki 10. Ushauri wa afya ni kumpa maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, yaani kama wiki 26. Hapo kuna pengo la wiki 14 hadi 16 ambalo uko ofisini na mtoto hali kingine. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kulivuka pengo hilo.

Likizo ya mwaka ya siku 28 inaweza kulipunguza. Iombe ifuatane na ya uzazi badala ya kuiacha ipotelee kwenye kambi za kidato cha nne.

Sasa weka kwenye kalenda hiyo hiyo tarehe za shule zisizosogea: kupokea kidato cha kwanza Januari, kidato cha sita Mei kama mnacho, kufunga mwaka wa fedha Juni 30, mtihani wa kidato cha pili na cha nne mwishoni mwa mwaka. Halafu, kwa kalamu ya rangi ile ile, andika chanjo za mtoto: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Rangi iwe ile ile. Nilipoandika za kliniki kwa penseli, zilifutwa na kikao cha kwanza kilichotokea.

Hatua ya 2: Andika barua mapema

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka utoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ukiambatisha cheti cha daktari. Wenzetu wengi wanangoja tumbo litoe taarifa lenyewe. Usingoje. Mkurugenzi wa halmashauri anahitaji muda wa kumpa mtu barua ya kukaimu, na benki inahitaji muda mrefu zaidi kubadilisha watia saini.

Barua zako ziwe mbili. Ya kwanza ni ya likizo, ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari. Ya pili wengi hawaiandiki kabisa: ya muda wa kunyonyesha. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Usizichukue kimyakimya kama mwizi. Nakili haya, ubadilishe tarehe na saa:

"Ninaomba kutumia muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyoruhusu, kuanzia tarehe nitakayorejea kazini. Nitautumia saa 4:30 hadi 5:15 asubuhi na saa 8:00 hadi 8:45 mchana. Katika muda huo ofisi itakuwa chini ya Makamu Mkuu wa Shule."

Nakala moja iingie kwenye jalada lako, nyingine kwa mwenyekiti wa bodi. Siku mgeni mkubwa akikukosa ofisini, karatasi hiyo itakusemea.

Baba mtoto naye ana siku zake 3 za likizo ya uzazi, zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache, lakini mwambie aziombe. Za mume wangu, kwa watoto wote wawili, zilitumika kufuatilia cheti cha kuzaliwa na kupika mtori.

Hatua ya 3: Kaimisha ofisi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiiruka, yaliyobaki ni mapambo.

Kosa nililoliona mara nyingi ni la kumwambia makamu, "Mwalimu, nishikie ofisi, nitakuwa hewani." Hakuna barua wala makabidhiano. Siku ya tatu anakupigia kuuliza ruhusa ya mwanafunzi. Wiki ya pili anaogopa kuidhinisha chaki. Akitokea mkaguzi wa ndani, yeye hana mamlaka, wewe uko kitandani na mishono, na hoja ya ukaguzi inaandikwa kwa jina lako.

Fanya hivi:

a) Omba barua rasmi ya kumkaimisha, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

b) Siku tano za kazi kabla hujaondoka, tembea naye shule nzima mkiwa na kaunta buku. Stoo, maabara, kasiki, vitabu vya stakabadhi, salio la benki, madeni ya wazabuni wa chakula, majalada ya nidhamu yaliyo wazi. Kila kitu mnakihesabu, mnasaini wote wawili.

c) Mhuri na funguo vibaki shuleni. Unajua kwa nini nasema hivi.

d) Usimpe nywila yako. Hapa nitakuwa mkali. FFARS ya hesabu za shule, PEPMIS ya utendaji kazi wa watumishi, NeST ya manunuzi, na mfumo wowote mwingine wa serikali una jina lako ndani yake. Atakachobonyeza yeye umebonyeza wewe. Omba halmashauri imfungulie akaunti yake ya kukaimu. Wakichelewa, nenda ukakae pale ofisini kwao na tumbo lako. Nilifanya hivyo, wakanipa kiti, maji, na akaunti.

e) Kwenye kaunta buku andika kurasa tatu. Ya kwanza: mambo anayoamua mwenyewe bila kuuliza mtu, kama ruhusa za wanafunzi, zamu, kumkimbiza mwanafunzi hospitali, wazazi wa kawaida. Ya pili: anaamua, kisha anaandika humo ili nisome nikirudi, kama matumizi yaliyomo ndani ya bajeti iliyokwisha kupitishwa, au mwalimu aliyekosa vipindi. Ya tatu: hayaamui peke yake, kama kumsimamisha mwanafunzi masomo, kubadilisha mzabuni, mgogoro na bodi. Hayo ampigie Afisa Elimu Kata au wa wilaya.

Umeona kwamba kwenye ukurasa wa tatu sikuandika ampigie mkuu? Ukiwa likizo wewe si mkuu wa shule, yeye ndiye. Ni chungu kuimeza. Mimi nilimeza kwa shida, na wiki ya nne nilijikuta nasoma kundi la WhatsApp la walimu saa nane usiku huku nanyonyesha, nikakuta wamebadilisha ratiba yangu nzuri. Nilijitoa kwenye kundi usiku ule ule. Likizo ikiisha utarudishwa.

Sheria haikuruhusu kurudi kazini kabla ya wiki sita tangu kujifungua bila daktari kuthibitisha kwamba uko sawa. Kwa hiyo ile hodi ya "njoo mara moja tu usaini" kataa.

Kama likizo itaangukia Novemba, kaimu ndiye atakayewapokea wasimamizi wa mtihani na kujibu kila kitu cha kituo. Hakikisha Afisa Elimu anajua hivyo mapema, jina la kaimu liwemo kwenye orodha ya semina, siyo lako.

Hatua ya 4: Kaimisha nyumba

Geuza kaunta buku. Utakabidhi nyumba kama ulivyokabidhi stoo.

Kwanza, nani wa kukabidhiwa. Mama mzazi au mama mkwe ni baraka kama afya yake inaruhusu, ila usimlipe kwa shukrani tupu. Mkono wa bibi nao hutaka sukari na dawa za presha. Ukichukua dada wa kazi, mchukue mtu mzima. Kuna jambo ambalo wenzetu hawapendi niliseme: wewe ni mkuu wa shule, usilete nyumbani binti wa miaka kumi na minne aliyepaswa kuwa kidato cha pili. Nimemwona mkuu wa shule anayefuatilia watoro kwa barua za mtendaji wa kata, na kwake mtoto analelewa na mtoro wa kata nyingine.

Pili, kurasa za nyuma. Andika saa za kula na kulala, kiasi cha maziwa, jinsi ya kuosha vikombe, jina la dereva mmoja wa bodaboda au bajaji anayeaminika, kituo cha afya kilicho karibu, na nani apigiwe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza asiwe wewe peke yako. Baba mtoto akiwa mkoa mwingine, weka jirani. Andika pia dalili zisizosubiri: mtoto chini ya miezi mitatu akifika joto la nyuzi 38, ni hospitali moja kwa moja; vilevile akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, au akishikwa na degedege. Kama msaidizi hasomi vizuri, mfundishe kwa mdomo na umwombe akurudishie maneno.

Tatu, pesa. Kaa na baba mtoto mkubaliane nani anamlipa msaidizi na siku gani. Mimi nilitenga posho ya madaraka kwa kazi hiyo tu. Posho ni ya madaraka, na bila msaidizi hayo madaraka yasingekuwepo. Mume wangu alibisha siku mbili, ya tatu akanyamaza.

Hatua ya 5: Wiki mbili kabla ya kurudi, fanya mazoezi

Anza kukamua mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kunyonya, wakati matiti bado yana kitu. Mkono unatosha, pampu ni nzuri ukiwa nayo. Osha mikono, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na vingine chini nyuma ya sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana. Usivute chuchu. Siku ya kwanza utapata vijiko viwili na utalia. Siku ya sita itakuwa tofauti.

Hifadhi kwa vipimo hivi:

- Kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25: hadi saa 4. Februari ya Morogoro, Tanga au Dar si nyuzi 25, kwa hiyo usitegemee chumba.
- Kwenye kisanduku chenye barafu ya kutosha: hadi saa 24.
- Kwenye friji: hadi siku 4, nyuma kabisa, siyo mlangoni.

Andika tarehe na saa kwenye kila chombo, ya zamani itumike kwanza. Pasha kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, wala usichemshe maziwa jikoni. Mtoto akibakisha, yaliyobaki yamwagwe. Yanauma kumwaga, najua.

Mfundishe msaidizi kunywesha kwa kikombe wewe ukiwa umetoka nje ya nyumba. Ukiwa chumbani, mtoto anasikia harufu yako na kikombe anakiona matusi.

Kosa la hatua hii ni kuanzisha uji mwepesi katika wiki ya kumi "ili azoee". Tumbo lake halijawa tayari, na utalipia kwa kuhara katikati ya wiki ya ufunguzi wa shule.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza ofisini

Rudi Jumatano au Alhamisi ukiweza. Wiki yenye siku mbili au tatu hukupa Jumamosi ya kurekebisha mambo.

Siku ya kwanza ni ya makabidhiano ya kurudishwa: mtembee tena na kaunta buku, mhesabu tena. Usianze kutengua maamuzi ya kaimu mbele ya walimu, hata ratiba ile. Ukimvunja leo, mwezi ujao mtoto akiugua hatakushikia ofisi kwa moyo.

Ratiba yangu ilikuwa hivi, nyumba ikiwa dakika tano kwa miguu: kunyonyesha saa 12:15 asubuhi, shuleni saa 1:15 kabla ya mstarini, nyumbani saa 4:30 hadi 5:15, tena saa 8:00 hadi 8:45, kutoka saa 10 jioni. Muda wa pili niliuweka wakati walimu wengi wana vipindi, ili wachache waje kugonga. Ukikaa mbali, mara hizo mbili unakamua shuleni. Kama njia ni ya bodaboda, usimlete mtoto mchanga kila siku kwa vumbi lile. Afadhali upange chumba karibu na shule kwa miezi minne.

Kipindi cha darasani usikiache chote. Nilibaki na vipindi vinne vya Kiswahili kidato cha tatu, na ndivyo vilivyonituliza akili kuliko chai.

Chumba cha kunyonyeshea kilikuja kupata mtu wa pili. Baada ya waraka wa Novemba 2021 ulioruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, tulimpokea mmoja wa kidato cha tatu. Mama yake alikuwa akimleta mtoto wakati wa chai. Kwa wiki ya kwanza binti alinyonyesha nyuma ya choo kwa aibu. Matroni alipomleta kwenye stoo yangu ya vitabu, tulikaa humo mara kadhaa sote wawili tumegeukia ukuta, yeye na wake, mimi na kikombe changu cha kukamulia, hakuna aliyesema neno. Kama unaandaa chumba, weka viti viwili.

Hatua ya 7: Vikao na safari

Kikao chochote unachokiitisha mwenyewe kiwe saa 2:30 asubuhi na kisizidi dakika 90. Walimu watakushukuru hata wasio na watoto. Kikao unachoitwa, tuma ujumbe jana yake kwa aliyeandaa: "Nitatoka saa 4:30 kwa dakika thelathini." Taarifa, siyo ombi.

Safari ya kulala, iwe mafunzo ya uongozi wa elimu pale ADEM Bagamoyo au mkutano wa TAHOSSA, umoja wetu wakuu wa sekondari, ina njia tatu. Chini ya miezi sita, nenda na mtoto na msaidizi, ukodishe gesti iliyo karibu na ukumbi hata ikigharimu zaidi ya ile ya wenzako; posho ya kujikimu itaishia hapo, ikubali. Kati ya miezi sita na mwaka, usiku mmoja unawezekana kama umejaza friji. Njia ya tatu ni kumtuma makamu. Kwa mwaka mzima niliwahi kumtuma mara tatu. Alirudi anajua bajeti kuliko mimi.

Hatua ya 8: Jioni

Saa 10 ukitoka, umetoka. Mwambie makamu na mwalimu wa zamu: mpaka saa 2 usiku simu nipigiwe kwa mambo matatu, mwanafunzi kuumia, moto, au polisi. Mengine yaandikwe kwenye kaunta buku. Hosteli iwe na matroni anayelala hapo hapo. Kama hakuna, hilo ndilo jambo la kwanza kulipeleka kwenye bodi, kabla ya rangi ya geti.

Makaratasi usibebe nyumbani. Yatakaa mezani, mtoto atayamwagia uji, na Jumatatu utakuwa na aibu mbili.

Mambo yakiharibika

*Mtoto anakataa kikombe.* Badilisha mtu wa kumpa, badilisha mahali, mpe kabla hajalia kwa njaa. Jaribu kijiko. Wengi hukubali ndani ya siku nne au tano. Uzito ukishuka kliniki, waambie wahudumu wazi kwamba umerudi kazini.

*Maziwa yamepungua.* Angalia kwanza kama umeacha kukamua mchana kwa sababu ya wageni. Titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza. Nyonyesha zaidi usiku na wikendi, kunywa maji, kula. Mkuu anayeshinda na chai ya rangi na maandazi mawili asilaumu titi.

*Titi limevimba, jekundu, lina joto, na una homa.* Endelea kunyonyesha au kukamua upande huo huo, na uende kituo cha afya siku hiyo. Usisubiri bodi imalize kikao. Nilisubiri, likawa jipu.

*Dada ameondoka bila kuaga.* Mara nyingi ni Januari, baada ya sikukuu. Ile akiba ya mshahara wa mwezi ndiyo kazi yake: mlipe jirani au ndugu aje leo leo, huku unatafuta mwingine bila papara. Siku mbili za kwanza chukua ruhusa ya dharura. Usimpeleke mtoto kulelewa na wanafunzi wa kike hosteli. Wanakuja darasani kusoma.

*Mtoto ameugua siku ya mtihani wa taifa.* Nenda na mtoto. Wasimamizi wametoka shule nyingine, kaimu ana kaunta buku, Afisa Elimu ana simu. Piga simu moja, toa taarifa, ondoka.

*Wathibiti ubora au mkuu wa wilaya amefika saa 4:40.* Makamu anawapokea, anawapa kitabu cha wageni na chai, anaanza na taarifa ya shule. Mkubaliane mapema sentensi atakayosema: "Mkuu yuko kwenye muda wake wa kunyonyesha, atafika saa tano na robo." Makamu wa kiume wengine wanaona haya kuitamka. Mfanyishe mazoezi ofisini, mara tatu, hadi asicheke.

*"Siku hizi mkuu haonekani."* Maneno haya yatakuja, na mara nyingi kutoka kwa mtu anayekitaka kiti. Usijibu kwa hotuba ya uchungu kwenye kikao. Bandika saa zako mlangoni, kwa maandishi makubwa, na uzifuate kwa dakika. Na andika ukweli. Mwanzoni mimi nilibandika karatasi inayosema "Mkuu yupo kwenye kikao". Siku hiyo msaidizi alikuwa kaniletea mtoto ofisini, kakata pumzi kwa kulia, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetumwa kuchukua chaki akasimama nje akamuuliza karani, "Samahani madam, mbona kikao kinalia?"